Mwili Hauzoei Kelele

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari wa masikio kutoka New York, Samuel Rosen, alisafiri na wenzake hadi kusini-mashariki mwa Sudan ya wakati huo, karibu na mpaka wa Ethiopia, wakiwa wamebeba mitambo ya kupimia usikivu. Walikuwa wakiwafuata Wamabaan, watu walioishi katika utulivu ambao mkazi wa mjini hawezi hata kuuwaza. Hawakuwa na mashine. Hawakuwa na bunduki. Hata katika sherehe zao hawakupiga ngoma. Ukiondoa jogoo wa alfajiri na mbuzi aliyepotezana na mama yake, vijiji vyao vilikaa kwenye desibeli 40 hivi kutwa nzima, kiwango ambacho wengi wetu hatukipati hata usiku wa manane.

Mwaka 1962 walichapisha waliyoyaona. Wazee wa Kimabaan waliofikisha miaka 70 walikuwa bado wanasikia milio myembamba ambayo Wamarekani wa umri huo walikuwa wameshaipoteza. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo daktari wa masikio hakulitarajia: presha. Marekani ilikuwa imeshazoeleka kwamba mtu akizeeka na presha nayo hupanda. Kwa Wamabaan, mzee na kijana hawakupishana sana.

Utafiti ule ulipingwa, na waliopinga walikuwa na hoja. Umri wa wazee ulikuwa wa kukadiria, maana hapakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Chakula chao hakikuwa na mafuta mengi, nacho kinagusa mishipa ya damu. Huenda na damu ya ukoo ilichangia. Hoja zote hizo nazikubali. Hata hivyo Rosen alikuwa ameuliza swali ambalo halijafutika hadi leo: je, uziwi tunaouita wa uzeeni ni uzee peke yake, au ni malimbikizo ya kelele tulizoishi nazo tangu utotoni? Na kama masikio yanalimbikiza, moyo je?

Naandika haya nikiwa Dar es Salaam, na kwa mkazi wa jiji hili maswali hayo si ya maabara. Alfajiri haijapambazuka vizuri, bodaboda aliyetoboa ekzosi kwa makusudi ameshapita mtaani. Mabasi yanaanza kugombania abiria kwa honi na wapiga debe wanaanza kugombania kwa koo. Saa mbili asubuhi mashine ya kusaga inawashwa, na ng'ambo ya uchochoro fundi vyuma anashika grinda. Duka la simu limetoa sabufa nje na kuielekeza barabarani. Machinga amerekodi bei zake kwenye kipaza sauti cha mkononi, akakitundika kwenye toroli, nacho kinarudia maneno yaleyale kutoka asubuhi hadi jua linazama, hata yeye mwenyewe akiwa amekwenda kula. Jioni baa zinachukua zamu. Ijumaa na Jumamosi kuna harusi, kuna kigodoro, kuna mkesha wa maombi, na mara nyingine vyote vitatu katika mtaa mmoja, kila kimoja kikipandisha sauti ili kisimezwe na vingine.

Ukimuuliza mkazi wa mtaa huo anaishije, atakujibu neno moja: "Nimezoea." Nimelisikia jibu hilo Tandale, Manzese na Sinza, kutoka kwa vijana na kutoka kwa bibi zao, na najua linatolewa kwa ukweli. Mtu kweli haisikii tena baa ya jirani mpaka siku umeme ukikatika. Lakini kinachozoea ni akili. Mwili hauzoei, na hapo ndipo afya zetu zinapoliwa bila sisi kujua.

Tuanze na sikio lenyewe. Sauti ni msukumo wa hewa. Ukifika kwenye kiwambo cha sikio hutikisa vijifupa vitatu vidogo, navyo hupitisha mtikisiko hadi kwenye kiungo cha ndani kilichojiviringisha, chenye majimaji. Humo mna seli zenye vinyweleo, kiasi cha 15,000 kwa kila sikio, na hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara ya kwenda ubongoni. Mtoto huzaliwa na akiba yake yote. Kuku akipoteza seli hizi huota nyingine, binadamu haoti. Ni kama nyasi za njia ya mkato: zikikanyagwa siku moja huinuka, zikikanyagwa kila siku hubaki udongo mtupu.

Zinazotangulia kufa ni zile zinazopokea milio myembamba, na kwa sababu hiyo mtu hagundui mapema. Bado anasikia honi, bado anasikia mlango ukigongwa. Anachopoteza ni herufi nyepesi, s na t na f, zinazobeba tofauti ya neno moja na jingine. Anasikia kwamba mwenzake anaongea ila hapati anachosema. Kwa wakala wa pesa kwenye simu, sita inakuwa tisa. Nyumbani mama analalamika kwamba watoto wa siku hizi wanaongea kwa kunong'ona. Wengine huanza kusikia mlio usiokoma ndani ya kichwa, kama filimbi au mvumo, ambao huzidi pale wanapokwenda kulala na nyumba ikatulia. Kufikia hapo, hasara imeshaingia, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Wataalamu wa afya kazini wana kipimo wanachokifuata. Mtu anaweza kukaa kwenye desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu, kwa hiyo muda hukatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, desibeli 94 ni saa 1. Ikifika 100, ambacho ni kiwango cha kawaida mbele ya spika kubwa za ukumbi, muda uliobaki ni dakika 15. Sasa mfikirie kijana anayesimamia mashine ya kusaga. Mashine hizo mara nyingi hupita desibeli 90, ziko ndani ya kibanda cha bati kinachorudisha sauti badala ya kuimeza, na yeye yumo humo kutoka asubuhi hadi jioni, siku sita kwa wiki, akiwa amejifunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi la unga na masikio yakiwa wazi. Fundi vyuma hali kadhalika: miwani anayo, kwa kuwa cheche zinaonekana. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na wakala wa kuisimamia, OSHA, lakini mkaguzi hupiga hodi kiwandani kwanza. Vibanda vyetu vya uchochoroni viko mbali na macho yake, na ndimo kazi nyingi za kelele zinamofanyika.

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, lilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kwa sababu ya namna wanavyosikiliza muziki. Kwa hedifoni, ushauri wa WHO kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki. Kwenye daladala lenye redio yake, kijana hawezi kuusikia wimbo wake bila kupita kiwango hicho mbali sana, kwa hiyo anapambana na kelele kwa kujiongezea kelele.

Masikio, hata hivyo, ni nusu ya habari, na naamini ni nusu ndogo.

Kabla ya kuwa njia ya maongezi na muziki, sikio lilikuwa mlinzi. Mwindaji aliyelala porini aliokolewa na kijiti kilichovunjika gizani. Mlinzi huyo hajastaafu. Ubongo wa mtu aliyelala huendelea kusikiliza, ndiyo maana mama mwenye mtoto mchanga huamshwa na kikohozi kidogo cha mwanawe huku radi ikimpita. Sauti ya ghafla ikiingia, sehemu ya ubongo inayosimamia hofu hutoa amri hata kabla mtu hajajua amesikia nini: adrenalini na kotisoli zinamwagwa kwenye damu, moyo unaenda mbio, mishipa inabana, sukari inaachiliwa ili misuli iwe tayari kukimbia. Mwaka hadi mwaka mtu halengwi na chui yeyote, ila bodaboda inapita, besi inagonga ukutani, honi inalia, na kila mara mwili unajiandaa kwa vita isiyokuwepo.

Watafiti wamelipima jambo hili kwa watu waliolala majumbani mwao. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wakazi wa karibu na viwanja vinne vikubwa vya ndege vya Ulaya, katika maeneo ya Athens, Milan, Stockholm na London, walifungwa vipimo vya presha usiku kucha. Ndege ikipita, presha ilipanda. Ilipanda hata kwa wale ambao hawakuamka, ambao asubuhi wangekuambia wamelala fofofo.

Huko Mainz, Ujerumani, daktari wa moyo Thomas Münzel na wenzake walikwenda hatua moja mbele. Waliwachukua watu 75 wenye afya njema na kuwachezea sauti za ndege vyumbani usiku, kwa spika. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Usiku mmoja wa kelele ulitosha kupandisha adrenalini na kupunguza uwezo wa mishipa ya damu kutanuka. Kuna kipengele kimoja cha utafiti huo ambacho ningependa kila anayesema "nimezoea" akisikie. Waliotangulia kupata usiku wa ndege chache, kisha wakapata usiku wa ndege nyingi, hawakuonyesha kwamba mishipa imejifunza kuvumilia. Mishipa yao iliumia zaidi. Usiku wa kwanza ulikuwa umeidhoofisha.

Miaka mitano baadaye, mwongozo wa WHO kwa nchi za Ulaya ulikusanya tafiti za namna hii na kuweka takwimu mezani: kuanzia desibeli 53 hivi za kelele za barabarani kwa wastani wa siku, kila ongezeko la desibeli 10 linaambatana na ongezeko la asilimia 8 la ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kabla ya hapo, mwaka 2011, WHO ilikuwa imekadiria kwamba Ulaya Magharibi hupoteza walau miaka milioni moja ya maisha yenye afya kila mwaka kwa sababu ya kelele za mazingira. Asilimia 8 inaweza kuonekana ndogo kwa mtu mmoja. Ikizidishwa kwa jiji la mamilioni, ni wodi nzima za wagonjwa.

Takwimu hizo ni za Ulaya, kwenye kuta nene na madirisha ya vioo viwili. Sisi tunalala madirisha wazi kwa ajili ya joto, chini ya bati, kwenye nyumba za kupanga ambazo kuta za vyumba haziishii kwenye dari. Presha, kisukari na kiharusi tunavizungumza kila siku kwenye redio, na tunaambiwa tupunguze chumvi, tutembee, tuache pombe. Ni ushauri mzuri. Sijawahi kumsikia daktari redioni akimuuliza mgonjwa wa presha analala wapi na jirani yake ni nani.

Kwa watoto madhara huonekana upesi zaidi, na ushahidi wake ni wa wazi kuliko wote ninaoufahamu.

Upande wa kaskazini wa Manhattan, New York, kulikuwa na shule ya msingi iliyojulikana kwa namba, P.S. 98, ambayo upande wake mmoja ulielekea reli ya juu. Treni ilipita takriban kila baada ya dakika nne na nusu. Ikipita, mwalimu hunyamaza, watoto hungoja, kisha somo linaendelea pale lilipokatikia, kama kuna anayepakumbuka. Mwanasaikolojia Arline Bronzaft alilinganisha alama za kusoma za watoto wa upande wa reli na za watoto wa upande wa pili, wenye utulivu. Shule moja, walimu wa aina moja, familia za mtaa mmoja. Mwaka 1975 yeye na mwenzake walichapisha walichokipata: wakubwa miongoni mwa watoto wa upande wa reli walikuwa nyuma kwa karibu mwaka mzima wa masomo.

Bronzaft hakuiacha karatasi kabatini. Aliziandama mamlaka mpaka zikakubali kuweka vipande vya mpira chini ya reli karibu na shule, na vyumba vya madarasa vikawekwa dari ya kumeza sauti. Akapima tena, na mwaka 1981 akatoa matokeo: pande zote mbili zilikuwa sawa. Watoto wa upande wa reli hawakuwahi kuwa wazito wa kichwa. Walikuwa wanaibiwa vipindi, dakika kwa dakika.

Munich ilitoa ushahidi mwingine bila kukusudia. Mwaka 1992 jiji hilo lilifunga uwanja wake wa zamani wa ndege na kufungua mpya mahali pengine, kwa usiku mmoja. Watafiti waliokuwa wamejipanga mapema waliwafuatilia watoto wa sehemu zote mbili. Karibu na uwanja uliofungwa, kumbukumbu na uwezo wa kusoma viliimarika. Karibu na uwanja mpya vilishuka. Mizani ilipinduka pamoja na ndege.

Na madarasa yetu? WHO inapendekeza kelele za chinichini darasani zisizidi desibeli 35, ili sauti ya mwalimu imfikie mtoto wa dawati la mwisho bila mwalimu kupasua koo. Tembelea shule yoyote iliyo kando ya barabara kuu, au karibu na stendi, au inayopakana na gereji. Madirisha ni nondo bila vioo. Dari hakuna. Mvua kubwa ikinyesha juu ya bati, somo limekufa mpaka ikatike, na kila mwalimu anajua hivyo. Watoto ni wengi chumbani, nao wenyewe ni chanzo cha kelele. Mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza silabi anahitaji kusikia kwa usahihi tofauti ya "tha" na "dha", ya "sa" na "sha". Mtu mzima akikosa neno hulijaza kwa kukisia. Mtoto hana cha kujazia. Tukija kuulizana kwa nini wanamaliza miaka miwili bila kusoma sentensi, tunataja vitabu, walimu na chakula cha mchana. Vyote ni kweli. Kelele haitajwi.

Sheria tunazo, na si mbaya. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015. Kenya ina kanuni zake za mwaka 2009. Kwa makazi ya watu zote mbili zinakutana kwenye namba zilezile: desibeli 50 mchana, desibeli 35 usiku. Kenya ni kali zaidi kwenye saa, maana usiku wake unaanza saa mbili na dakika moja na kuisha saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni kimya cha kweli. Ni chumba ambamo unasikia saa ya ukutani. Baa ikipeleka desibeli 65 tu hadi dirishani kwa jirani, nguvu ya sauti hiyo ni mara 1,000 ya ile iliyoruhusiwa.

Utekelezaji huja kwa mawimbi. Mwaka 2023 NEMC, baraza la taifa la mazingira la Tanzania, ilizifungia baa na kumbi kadhaa za starehe kwa kukiuka viwango hivyo, na kwa muda mitaa ikapumua. Nairobi, mwishoni mwa mwaka 2022, Gavana Johnson Sakaja aliagiza kumbi za usiku zilizo katikati ya makazi zisipewe tena leseni. Kila wimbi hufuatwa na ukimya wa wiki kadhaa, kisha spika hurudi nje moja baada ya nyingine. Kumfungia mtu biashara ni adhabu nzito, inagusa mishahara ya wahudumu na wapishi, kwa hiyo haiwezi kuwa kazi ya kila wiki. Kinachohitajika ni jambo dogo linalofanyika kila Ijumaa: mtendaji wa kata mwenye kipimo cha sauti, anayepita saa nne usiku, anayeandika namba na kumwonyesha mwenye ukumbi kabla ya faini.

Kuna jambo jingine linalotuzuia, nalo ni kuona haya. Jirani anayekwenda kuomba sauti ipunguzwe anaonekana mwenye roho mbaya, hapendi wenzake wafurahi. Ikiwa ni harusi, ataambiwa hana mtoto wa kuoza. Ikiwa ni ibada, ataulizwa anamwogopa nani. Kwa hiyo ananyamaza, anameza panadoli, anahama chumba. Mwenye mgonjwa wa kiharusi ndani, mwenye mtoto mchanga, nesi aliyetoka zamu ya usiku na anatakiwa kurudi jioni, wote wananyamaza. Nadhani hapa tumekosea adabu yetu wenyewe. Uungwana tuliolelewa nao unamtaka mwenye sherehe apite kwa majirani kuwaaga, awaambie itaisha saa ngapi, na akitimiza ahadi hakuna anayemnung'unikia. Wazee wa mitaa ya Kariakoo na Magomeni bado wanaufuata. Sherehe yenye mwisho unaojulikana ni mzigo ambao jirani yuko tayari kuubeba.

Kuhusu nyumba za ibada nasema kwa heshima, kwa kuwa nami ni mtu wa imani. Mwaka 2021 Saudi Arabia, nchi yenye misikiti miwili mitukufu, iliagiza vipaza sauti vya nje vitumike kwa adhana na ikama tu, na sauti yake isizidi theluthi moja ya uwezo wa kifaa. Rwanda mwaka 2018 ilizifungia mamia ya nyumba za ibada Kigali kwa majengo yasiyokidhi viwango, na kelele zilikuwa miongoni mwa malalamiko. Huhitaji kufika huko. Adhana ni dakika chache, na kengele hali kadhalika; mtaa wowote unaweza kuishi navyo na kuvipenda. Linaloumiza ni mahubiri au mawaidha ya muda wa saa tano kupitia spika za nje wakati waumini wote wameshaingia ndani. Anayeyasikia huko nje ni mgonjwa asiyelala, na sidhani kama kuna mhubiri aliyekusudia kumfikia kwa njia hiyo.

Fundi mitambo mzuri atakuambia kwamba sehemu kubwa ya kelele za kumbi zetu ni kazi mbovu. Spika mbili kubwa zikiwekwa mlangoni na kuelekezwa ndani, aliye mbele anaumia masikio, aliye nyuma hasikii maneno, na fundi anapandisha sauti kwa ajili ya huyo wa nyuma. Spika ndogo nane zilizotawanywa na kushushwa sauti zinampa kila mteja muziki safi, na ukuta wa nje unabaki kimya. Besi ndiyo msumbufu mkuu, kwa kuwa inapenya tofali ambalo sauti nyembamba haiwezi kulipita. Kuinua sabufa kutoka sakafuni na kuiweka juu ya mpira mzito kunasaidia, na kuipunguza baada ya saa nne kunasaidia zaidi. Ukuta imara usio na matundu huzuia. Mstari mmoja wa miti, ambao wengi huutegemea, unapendeza macho na unaleta kivuli, lakini sauti unaipunguza kidogo mno. Umbali ndio rafiki: ukiuongeza maradufu kutoka kwenye spika iliyo uwanjani, unashusha desibeli 6 hivi, kwa hiyo jenereta likisogezwa kutoka mita 5 hadi mita 20 za dirisha la mtu, amepona desibeli 12 bila shilingi ya ziada zaidi ya waya.

Mwenye mashine ya kusaga anaweza kumnunulia kijana wake vikinga masikio kwa bei isiyofika faida ya siku moja, na kumpumzisha nje kila saa. Mwenye bodaboda anaweza kurudisha ekzosi yake ilivyotoka kiwandani, na trafiki anaweza kulifanya hilo kuwa kosa analolikagua kama anavyokagua kofia ngumu.

Kwa shule zilizo kando ya barabara kuna hatua isiyongoja bajeti ya halmashauri. Vyumba vinavyotazama barabara vigeuzwe kuwa ofisi, stoo na madarasa ya wakubwa wanaojisomea. Darasa la kwanza na la pili, wanaoshika herufi, wahamishiwe vyumba vya nyuma kabisa ya uwanja, na masomo ya kusoma yawekwe asubuhi kabla gereji haijafungua. Mwalimu mkuu na kamati ya shule wanaweza kuliamua hilo katika kikao kimoja mwezi Desemba, na watoto wakafungua shule Januari wakiwa wanamsikia mwalimu wao.